Kuuza huduma ya kuhosti kwa jina lako: kifurushi cha muuzaji wa kati au seva pepe?

MjenziWaKurasa
Ninatengeneza tovuti za biashara ndogo, na karibu kila mteja nikimkabidhi kazi huniuliza tovuti yake ikae wapi. Mpaka sasa nimekuwa nikiwaelekeza kwa kampuni za kuhosti na kuishia hapo. Sasa ninapima njia mbili: kununua kifurushi cha muuzaji wa kati, nikigawe katika akaunti ndogo na kuziuza kwa jina langu, au kukodi seva pepe (sehemu ya seva kubwa inayojitegemea kama seva kamili) na kuisimamia mwenyewe. Naomba wenye uzoefu mnieleze faida na hasara, hasa zile ambazo matangazo hayazisemi.

FundiSeva
Ndugu Mjenzi, faida kubwa ya kifurushi cha muuzaji wa kati ni kwamba kazi nzito inabaki kwa mwenye seva: yeye ndiye anayesasisha mfumo endeshi, anayeziba mianya ya usalama na anayebadilisha diski inapokufa. Wewe unaingia kwenye WHM, paneli ya muuzaji ya kusimamia akaunti zote, unapanga kiwango cha kila akaunti, tuseme diski ya GB 5 na masanduku 10 ya barua pepe, kisha mteja anapata cPanel yake, yaani paneli ya kusimamia tovuti na barua zake, na kwa kampuni nyingi unaruhusiwa kuweka nembo yako. Kwenye seva pepe isiyosimamiwa hayo yote ni mzigo wako, pamoja na kuamka usiku hifadhidata inapogoma.

Gharama ya leseni ya paneli nayo ihesabiwe mapema. Mwaka 2019 cPanel iliacha kutoza kwa seva na kuanza kutoza kwa idadi ya akaunti, kwa hiyo anayekodi seva pepe na kutaka paneli hiyo huona bili ikipanda kadiri wateja wanavyoongezeka. Wengi walihamia DirectAdmin, paneli nyingine ya aina hiyo, kwa sababu hiyo.

BiMizania
Mimi ningemshauri asidanganywe na ukubwa wa diski. Kinachombana mteja mara nyingi ni viwango ambavyo havikuandikwa kwa herufi kubwa: uwezo wa kichakataji, kumbukumbu, na idadi ya mafaili ambayo akaunti inaruhusiwa kuwa nayo. Kwenye seva nyingi za aina hii kila barua pepe huhifadhiwa kama faili moja, kwa hiyo ofisi ambayo haijawahi kufuta barua inaweza kufikia ukomo wa mafaili huku nusu ya diski yake ikiwa tupu. Mteja ataona barua zinakataliwa, atafungua cPanel, ataona nafasi ipo, kisha atakupigia simu wewe.

Simu hiyo ndiyo gharama halisi ya biashara hii. Faida ya akaunti moja ni ndogo, na saa moja ya kumweleza mtu namna ya kuweka barua pepe kwenye simu yake inaweza kula mapato ya miezi kadhaa. Kama huna nia ya kutoa msaada, pokea kamisheni ya kuwaelekeza wateja kwingine na uendelee na ujenzi wa tovuti.

MlinziWaBarua
Naunga mkono, na kwangu barua pepe ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Akaunti za kifurushi chako zinatumia anwani ya IP (namba inayoitambulisha seva mtandaoni) pamoja na wapangaji usiowajua. Fomu ya mawasiliano ya mmoja wao ikivamiwa na kuanza kumwaga barua taka, anwani huingia kwenye orodha ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha vyanzo vya barua taka, na ankara za wateja wako zinaanza kurudishwa, nawe huna la kufanya zaidi ya kuandika tiketi na kusubiri. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti ya SPF, DKIM na DMARC, rekodi za domeni zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli; rekodi hizo ziweke siku unapofungua akaunti, lakini zisikufanye uamini kwamba zitaisafisha IP iliyochafuliwa na jirani. Wateja wanaoishi kwa barua pepe wapeleke kwenye huduma maalumu ya barua.

MjenziWaKurasa
Nashukuruni sana. Je, mwenye seva akianguka kabisa, wateja wangu ninawaokoaje?

FundiSeva
Hilo lijibiwe kabla hujauza akaunti ya kwanza. Machi 10, 2021 kituo cha data cha OVHcloud kiliungua mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja walipoteza data moja kwa moja kwa sababu nakala zao rudufu zilikuwa mahali palepale. Usitegemee nakala za mwenye seva peke yake. Toa nakala kamili ya kila akaunti na uihifadhi kwa kampuni nyingine, kisha mara kwa mara jaribu kuirejesha moja uone kama inafunguka.

Seva za majina, zile zinazoelekeza domeni kwenye seva yenye tovuti, ziwe chini ya domeni yako mwenyewe, na domeni hiyo usiisajili kwa kampuni inayokuhosti. Ukifanya hivyo, nakala ya cPanel inarejeshwa kwenye WHM nyingine, unabadilisha anwani za seva za majina mahali pamoja, na wateja wanahama bila kugusa chochote. Domeni za wateja zisajiliwe kwa majina yao. Kwa masharti hayo ningeanza na kifurushi cha muuzaji wa kati, nilipe mwezi kwa mwezi hata kama malipo ya mwaka yana punguzo, na seva pepe niifikirie pale tu mteja atakapohitaji kitu ambacho mwenye seva amekataa kukiweka.