Tupeane uzoefu: nani kafanikiwa kuwaita ndege wadogo uani kwake?

Assalam alaykum jamaa. Mie nakaa Fuoni, uwa wangu mdogo tu, una mpera, mgomba na mti wa ndimu. Mwanangu yuko Ohio, Marekani, kanirushia video ya ndege wa njano kama embe bivu, mbawa nyeusi, wanaitwa goldfinch, ni jamaa za chiriku. Kawatundikia soksi ya wavu ina mbegu nyeusi nyembamba na wao wananing'inia kichwa chini wanadonoa. Nimeitazama hata sijui mara ngapi. Nikasema na mie nitie. Nikaweka sinia ya chenga za mchele juu ya ukuta, robo saa haijafika kunguru sita wameshaikomba, na paka wa jirani kalala chini anasubiri. Kila siku hivyo hivyo, wiki ya tatu sasa. Nyinyi mliofanikiwa mmefanyaje?

Wa Bububu
Pole sana. Sinia juu ya ukuta ni kumwita kunguru kwa jina. Hawa wenye shingo ya kijivu si wa hapa asili yao, ni wa Bara Hindi, waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka, na sasa wanakula mayai na makinda ya ndege wetu, mie nimeshawaona wakilitoa kinda la mnana kwenye kiota huku mamake anapiga kelele, iliniuma sana siku ile. Nilichofanya: nilichukua waya wa kuku nikaukunja kama tenga, tundu zake vidole vitatu vinapita, ndani nikaning'iniza kifuu cha nazi. Kifuu nilikitoboa matundu matatu kwa msumari wa moto nikatia kamba ya usumba. Ndege mdogo anapita, kunguru anabaki nje anazunguka. Alikuja siku nne akakata tamaa.

Mtoto wa Konde, Pemba
Mie nacheka na kusikitika pamoja, maana utoto wangu wote niliumalizia juu ya dungu naamia ndege kwenye bonde la mpunga, teo mkononi tangu alfajiri, na leo nanunua mtama kwa pesa yangu niwape! Lakini ndo hivyo, nikiwaona moyo unatulia. Kwangu wanakuja wale wa kichwa cheusi, shavu jeupe kabisa, mdomo mwekundu mnene, shomoro wa Java. Na hao nao wageni, waliletwa visiwani karne ya 19, na kwao Indonesia wamekuwa adimu kwa kukamatwa na kutiwa vizimbani, basi nikimuona mmoja anamenya punje kwa ule mdomo, ganda linadondoka huku na kiini kinakwenda kule, simfukuzi tena. Wape mpunga wenye maganda kidogo na uwele, chenga waachie kuku. Ndege chozi, yule mnywa maji ya maua, usimngoje kwenye nafaka, yeye muachie ua la mgomba, anakwenda mwenyewe asubuhi.

Wa Makunduchi
Nyote mnasema chakula, hakuna aliyesema maji. Huku kwetu ni mawe tu, kiangazi ndege hana pa kunywa. Mie nina kigae cha chungu kilichovunjika, maji ya vidole viwili tu na jiwe katikati wapate pa kusimama, nakimwaga na kukisugua kila asubuhi mbu wasizae. Vile vidogo vya kahawia tumbo jeupe vinakuja kumi, kumi na mbili kwa pamoja, vinajipanga ukingoni bega kwa bega, kimoja kikiingia kuoga vyote vinaingia. Na kiweke karibu na mti, si chini yake kabisa, paka asipate pa kujificha ila ndege awe na pa kukimbilia.

Niko Ohio
Mama, ni mie. Sikukwambia kuwa hata mie nilikaa muda mrefu bila ndege. Mbegu zile (zinalimwa Ethiopia na India) zilikuwa za zamani, zimeshika unyevu, na goldfinch akionja mbegu mbovu harudi. Nilipobadilisha ndo wakaja. Nadhani na mtama wako masika utafanya hivyo hivyo, tia kidogo kidogo. Halafu ujue dume ni njano majira ya joto tu, baridi ikiingia anavaa rangi ya vumbi, watu wanadhani wamehama kumbe wapo palepale.

Mwenye uzi, Fuoni
Nimerudi baada ya siku kumi na nane. Sinia nimeitoa. Tenga la waya nimetengenezewa na fundi hapa mtaani, kifuu ndani, mtama na uwele gao moja tu kwa siku, kigae cha maji hatua nne kutoka mndimu. Wiki ya kwanza hakuja hata mmoja, nilikuwa karibu kulivunja. Juzi baada ya Alfajiri nikasikia kifuu kinagonga waya, tik tik. Mnana dume, njano mpaka macho yamemeta, kashika ukingo wa kifuu anabembea nao. Nikakaa kimya na kikombe changu mpaka chai ikapoa. Leo wamekuja watatu. Wa Makunduchi, nakuuliza: kigae chako wakati wa mvua unakiacha pale pale au unakiondoa?