Ziara za jiolojia ufukweni kusaka visukuku: tupeane uzoefu

Mzizi wa Mkoko: Mwanangu kaniletea fomu ya ruhusa. Darasa lao linakwenda pwani kusoma miamba na kuokota visukuku, yale mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Nilipofika penye "wanafunzi watatembea chini ya majabali" nikasita. Mliowahi kwenda, semeni.

Kaa Koko: Tulirudi na tope hadi masikioni, mwalimu kapoteza kiatu. Raha tupu.

Mvua ya Kokoto: Ngoja niwape yangu, samahani ni ndefu. Tulishazunguka rasi, tukakuta bamba la mwamba limejaa amonaiti, yale magamba ya kale yaliyojikunja kama konokono, nyingine pana kama sinia. Kila mtu kachuchumaa, nyundo zinalia. Msichana mmoja aliyekwenda kujisaidia nyuma ya mwamba akarudi mbio: "Mwalimu, njia haipo!" Tukamcheka. Kwenda kutazama, maji yameshafunika kokoto zote za rasini, mawimbi yanapiga jabali lenyewe. Ilikuwa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, na mwalimu alikuwa amesoma jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la jana yake. Akatushikanisha mikono, warefu upande wa bahari, tukawa tunasubiri wimbi lirudi ndipo tupige hatua. Maji kifuani. Mabegi yalitulemea kwa mawe, akapiga kelele tuyamwage. Kijana mmoja aligoma, kakumbatia amonaiti yake huku analia, mpaka mwalimu akampokonya na kuitupa baharini. Tulivuka wote. Mwalimu akakaa mchangani akatuhesabu, akamaliza, akaanza tena. Hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Kaa Koko: Mabegi ya mawe! Yaani umenikumbusha mgongo wangu.

Nahodha Mkavu: Hadithi nzuri, hesabu mbovu. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Angefuata jedwali la jana mngeondoka mapema kuliko ilivyohitajika. Huyo alisoma la kesho.

Mvua ya Kokoto: Basi la kesho! Mimi nilikuwa mtoto nakunywa maji ya chumvi, jedwali ningeliona wapi?

Nahodha Mkavu: Sijakataa. Nasema tu.

Chaki na Vumbi: Nimefundisha somo hili miaka mingi. Mnaogopa maji, mimi naogopa juu. Udongo wa mfinyanzi ukilowa mvua huteleza na kushuka na kila kilicho juu yake. Mary Anning wa Lyme Regis, Uingereza, alizaliwa palepale na kuijua pwani ile kuliko mtu yeyote, lakini mwaka 1833 mporomoko ulimuua mbwa wake Tray kando yake. Kofia ngumu inazuia kokoto, haizuii mlima. Kaeni mbali na jabali, basi.

Patasi: Lakini visukuku vizuri vinapatikana baada ya dhoruba, bahari ikishavichimbua. Nendeni siku hiyo hiyo.

Chaki na Vumbi: Siku hiyo hiyo ndiyo jabali linashuka. Umesoma nilichoandika?

Patasi: Nimesoma. Nina visukuku, wewe una chaki.

Mama Pacha: 😂😂 Wangu waligonga jiwe asubuhi nzima, kumbe ni zege la ukuta wa zamani.

Kaa Koko: Beba siki. Dondoshea jiwe, likitoa povu ni chokaa.

Patasi: Zege nalo linatoa povu, bingwa.

Mama Pacha: Halafu hizo amonaiti si konokono tu?

Chaki na Vumbi: Hapana! Ni jamaa wa ngisi na pweza. Mnyama alikaa chumba cha mwisho cha gamba, vile vya nyuma vilimsaidia kuelea. Zilitoweka miaka milioni 66 iliyopita pamoja na dinosaria, au punde tu baadaye.

Mama Pacha: Konokono wa kuelea basi.

Chaki na Vumbi: Nimeacha.

Patasi: Kwa mtoto: aokote vilivyolala ufukweni, jabali asiligonge. Kwanza aulize kama sehemu hiyo kuokota kunaruhusiwa. Apige picha kisukuku kilipolala, aweke rula pembeni.

Mvua ya Kokoto: Na viatu vya zamani. Sandali hapana.

Nahodha Mkavu: Sandali ndiyo, zinakauka haraka.

Kimya Kingi: Huwa nasoma tu humu. Nina amonaiti ndogo ya rangi ya dhahabu tangu shule, sasa inabomoka unga. Nifanyeje?

Patasi: Hiyo ni pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu, unyevu unaila. Ipanguse unga, itie kwenye kopo kavu lenye vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Na usiioshe!

Kimya Kingi: Nimeshaiosha jana.