Nahodha akishawaokoa wahamiaji, awashushe wapi?

Swali
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Najua kwamba nahodha akikuta watu wanazama hana hiari, sharti awaokoe. Kinachonitatiza ni hatua inayofuata: wakishapandishwa melini, ni nchi gani yenye wajibu wa kuwapokea, na je, nahodha anaruhusiwa kuwarudisha walikotoka?

Jibu la kwanza
Kuhusu kuokoa uko sahihi. Kifungu cha 98 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 kinataka nahodha amsaidie yeyote aliye hatarini, mradi asiiponze meli yake na waliomo, wala hakiulizi hati ya kusafiria. Katika kuwapokea ndipo penye pengo. Marekebisho ya mikataba mingine miwili, wa usalama wa maisha baharini (SOLAS) na wa utafutaji na uokoaji baharini (SAR), yaliyoanza kutumika mwaka 2006, yanaikabidhi nchi inayosimamia eneo la uokoaji dhamana ya kuhakikisha kwamba watu wanafikishwa mahali salama, lakini hayailazimishi kuwashusha katika bandari yake yenyewe. Basi nchi husukumiana mzigo, na meli inangoja.

Jibu la pili
Hungoja kweli. Agosti 2001 meli ya mizigo ya Norwei, Tampa, iliokoa watu zaidi ya 430 karibu na kisiwa cha Christmas, kilicho chini ya Australia katika Bahari ya Hindi, na Australia ikakataa wasishuke. Mwishowe walipelekwa Nauru na New Zealand. Mwaka 2020 meli ya Maersk Etienne ilikaa na watu 27 karibu na Malta kwa zaidi ya mwezi mmoja. Meli ya mizigo ina malazi na chakula cha mabaharia wake tu, na kila siku ya kungoja ni hasara kwa mwenye meli. Kwa maoni yangu, hasara hiyo ndiyo inayoweza kumshawishi nahodha ajifanye hakuona mtumbwi.

Jibu la tatu
Kuhusu kuwarudisha, ndugu muulizaji, jihadhari. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliitia Italia hatiani kwa kuwarejesha Libya Wasomali na Waeritrea iliowakuta baharini mwaka 2009. Hizo zilikuwa meli za serikali, lakini mwaka 2021 mahakama ya Napoli, Italia, ilimhukumu kifungo cha mwaka mmoja nahodha wa meli ya kibiashara, Asso 28, aliyewafikisha Libya watu 101.

Muulizaji
Nashukuru. Je, meli yenyewe haiwezi kuhesabiwa kuwa mahali salama?

Jibu la kwanza
Kwa muda tu. Miongozo ya Shirika la Kimataifa la Bahari inasema kwamba meli haiwi mahali salama kwa sababu tu waliookolewa hawazami tena.