Mrejesho: lile tanga la spinaka la mtumba

Wadau, niliuliza hapa kama ninunue spinaka (tanga kubwa jepesi la mbele, la kwenda na upepo wa nyuma) ya mtumba kwa boti yangu ya futi 22, Kilifi. Nimenunua, na nawashukuru sana.

Aliyeniambia nilikague juani ameniokoa. Tulilianika kwenye kamba, jua likiwa nyuma yake, na vitundu kama vya sindano vikaonekana karibu na pembe ya juu, pamoja na mchano wa shubiri moja. Ila nailoni bado ina uhai: ukiifinya inalia kama karatasi mpya. Muuzaji akapunguza bei. Mchano nimeuziba kwa utepe wa gundi pande zote mbili, kisha nikashona kingo.

Kulifunga kwenye boti ndiko kulikonisumbua. Mwanzoni nilitumia henza (kamba ya kupandishia) ya tanga la mbele la kawaida. Roda yake mlingotini iko chini ya pale unaposhikia waya wa omo (unaotoka mlingoti hadi mbele ya boti), kamba ikasuguana na waya na ndani ya nusu saa nyuzi zikaanza kuchomoza. Nimeweka roda nyingine juu ya pale waya huo unaposhikia, ya kuzunguka, sasa tanga linakaa mbele ya kila kitu. Demani (kamba za kuongozea tanga) zinapita nje ya waya zote hadi tezi, nyuma ya boti.

Jumapili kusi ililegea, tukaelekea Watamu. Tanga lilipojaa, boti ilitulia kabisa, nikasikia maji tu chini ya omo. Kulishusha: upepo uwe nyuma, tanga kubwa la mlingoti liikinge spinaka na upepo, legeza goshi (pembe ya chini ya upande wa upepo), mwenzako akusanye kitambaa haraka. Bahari ikianza kutoa mawimbi meupe, silipandishi.