Gumzo la familia: mguu wa Elia na pikipiki yake ya Boxer

Kikundi: UKOO WETU DODOMA

Jumamosi

Mama Neema: Shikamooni wazee wote. Elia karuhusiwa leo hospitali baada ya ile ajali ya pikipiki, tuko naye hapa Nkuhungu. Ni muundi wa mguu wa kulia uliovunjika, kafungwa hogo, ile plasta ngumu, mpaka juu ya goti. Kichwa wamekipiga picha, hakina shida. Asanteni kwa maombi na kwa michango yenu.

Baba Mkubwa: Marahaba. Tumshukuru Mungu. Elia baba, ugua pole.

Rehema: Pole mdogo wangu. Umekula?

Elia: Asanteni wote, nimekula uji. Mguu unauma ila dawa nimemeza. Kinachoninyima usingizi ni pikipiki, bado ipo kituo cha polisi, na tajiri mwenye pikipiki kashaanza kuulizia hesabu, yaani malipo yake. Mkataba umebaki miezi michache tu iwe yangu.

Mjomba Yona: Tajiri niachie mimi, nitaongea naye kiutu uzima. Yule wa bajaji kasemaje? Mtu anakata kona pale Kizota bila indiketa!

Elia: Siku ile aliomba msamaha mjomba. Trafiki walipima na kuchora ramani. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ninayo.

Mjomba Yona: Basi sikiliza vizuri. Usitupe karatasi hata moja. Risiti ya dawa, ya picha, ya magongo, zote weka kwenye bahasha moja. Bima yako ndogo, ile ya kulipa wengine tu, haikutibu wewe wala haitengenezi pikipiki yako. Ya yule mwenye bajaji ndiyo inayotakiwa kumlipa aliyeumizwa na bajaji yake. Nitumie namba ya bajaji niihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kama bima ilikuwa hai siku ya ajali. Na asije mtu hapo kitandani na laki moja mkononi akakusainisha kwamba mmeyamaliza. Mwambie aje kwangu.

Elia: Sawa mjomba. Namba nakutumia.

Rehema: Bibi katuma sauti ndefu kutoka Mvumi, nawaandikia wenye bando dogo. Anasema: "Mbukwenyi wanangu. Huyo mtoto mleteni huku. Kuna mzee anaunga mifupa, anachua kwa mafuta, watu wanatembea. Hilo hogo mtoeni, linamzuia damu."

Upendo: Mbukwa bibi, na shikamoo. Najua unampenda mjukuu wako na mimi nampenda. Lakini mfupa huo umeshapangwa na daktari, umekaa kwenye mstari wake. Tukitoa hogo na kumchua, utahama, uunge umepinda, na mguu utabaki mfupi. Nimewaona wodini watu wa namna hiyo, wanavunjwa upya. Naomba bibi, hogo lisiguswe mpaka daktari mwenyewe aseme.

Upendo: Ila la damu bibi umesema jambo la kweli, hogo likibana ni hatari. Kwa hiyo mama mdogo, kila asubuhi na jioni mwangalie vidole vya mguu. Bonyeza ukucha uwe mweupe, ukiachia wekundu urudi haraka. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi hata baada ya dawa, msisubiri kupambazuke. Mrudisheni hospitali usiku huohuo.

Mama Neema: Nimeelewa mwanangu. Na kuwashwa? Tangu mchana anatafuta kijiti achokonolee ndani.

Upendo: Hapana kijiti! Atajichubua, kidonda kioze humo bila mtu kukiona. Apepewe kwa upepeo, itatulia. Mguu ulale juu ya mito miwili, uwe juu kuliko kifua, uvimbe utashuka. Vidole avichezeshe kila anapokumbuka. Akioga, hogo livalishwe mfuko wa nailoni na kufungwa. Na Elia, sigara acha. Inachelewesha mfupa kuunga, sikutishi.

Elia: Nimeacha dada.

Rehema: Bibi kajibu: "Haya, daktari wa kwetu kasema. Basi nitaleta maziwa na karanga za mlenda, na dagaa mnunue huko."

Upendo: Asante bibi yangu. Hivyo ndivyo mfupa unavyovitaka.

Jumanne

Mjomba Yona: Bima ya bajaji ilikuwa hai. Tutafungua madai. Pikipiki imeshakaguliwa na trafiki, wametoa ruhusa, nimeitoa kituoni na kuipakia kwenye guta. Nimeipiga picha kila upande kabla haijaguswa. Ila duka la spea pale mjini wamenitajia 420,000 kuitengeneza. Nimeishiwa nguvu.

Baba Mkubwa: Laki nne na ishirini? Si heri tuiuze kama ilivyo?

Daudi: Shikamoo baba mkubwa. Tafadhali msiuze. Mnunuzi wa pikipiki iliyoanguka anatoa bei ya chuma chakavu, na mkataba wa Elia utabaki palepale. Mjomba ilete kwangu gereji Chang'ombe jioni, niifungue mbele kabla hatujanunua hata boliti.

Jumatano

Daudi: Habari za usiku. Nimeikagua Boxer taratibu, nawapa ripoti yote ili mjue pesa inakwenda wapi.

Nimeanza na chesisi, maana ikipinda hiyo sina cha kuwaambia. Nimevuta kamba toka tairi la nyuma hadi la mbele, kushoto na kulia. Shingoni, pale usukani unapoingilia, nimefuta vumbi lote nikaangalia rangi kwa tochi. Chuma kikivutika, rangi hupasuka kama utando mwembamba. Haijapasuka, na chesisi imenyooka. Hapo nilishukuru Mungu kwa sauti.

Shokapu za mbele ndizo zilizoumia. Nimechomoa mabomba yote mawili nikayaviringisha juu ya kioo cha dirisha. La kushoto linapita sawasawa, huoni mwanga chini yake. La kulia linaruka, limepinda na lina mkunjo. Wapo mafundi watakaokunyooshea kwa buku kumi, na kwa mpindo mdogo usio na mkunjo ningekubali. Lenye mkunjo silinyooshi. Chuma kimeshachoka pale, siku ataingia shimoni na abiria litakatika. Hilo tununue.

Rimu ya mbele inayumba kidogo ikizungushwa, ila ni ya spoku, inavutika. Gololi na vikombe vya shingo vimepiga alama, usukani unashtuka ukifika katikati, lazima vibadilishwe.

Hesabu yangu: bomba la shokapu 35,000, sili 8,000, oili ya shokapu 7,000, gololi na vikombe 15,000, usukani 15,000, mkono wa klachi 4,000, rimu kuvutwa na spoku chache 12,000, taa ya mbele ya mtumba 12,000. Jumla 108,000. Kwa mtu mwingine ufundi ungekuwa 30,000. Elia ni ndugu yangu, ufundi hamlipi.

Rehema: Mungu akubariki Daudi 🙏🏾 Na lile tanki lililobonyea? Na kava za pembeni zimepasuka.

Daudi: Tanki halivuji, nimelijaza nikaliacha limelala tangu mchana. Hilo bonyeo halimuui mtu, na kava pia. Ile 420,000 ya dukani nusu yake ni tanki jipya, kava mpya, madgadi mpya. Vya urembo visubiri madai ya bima yakilipwa. Kwanza breki, usukani, matairi na taa.

Baba Mkubwa: Umenifungua macho mwanangu. Nachangia 50,000, natuma sasa hivi.

Mjomba Yona: Weka 40,000 yangu.

Rehema: 10,000 kutoka kwangu, mwezi haujaisha jamani.

Mama Neema: Iliyobaki namalizia mimi.

Elia: Sina la kusema. Mungu awazidishie. Daudi, kofia yangu ipo hapa, ina mchubuko tu kwa nje. Nikipata magongo vizuri nitaanza kutoka taratibu...

Upendo: Kutoka kwenda wapi? Muundi wa mtu mzima unaweza kuchukua miezi mitatu mpaka sita kuunga sawasawa. Na huo wa kulia ndio wa breki ya nyuma. Bila daktari kuona picha mpya na kuruhusu, hupandi.

Daudi: Na kofia hiyo, kaka, naomba mama aivunje kabisa asije akaivaa mwingine. Lile povu la ndani likishabonyea mara moja halirudi. Imekuokoa, kazi yake imekwisha. Kabla hujarudi barabarani tutanunua nyingine.

Elia: Hesabu ya tajiri je?

Mjomba Yona: Nimekaa naye leo, ni muungwana. Kasamehe wiki hizi mbili. Baada ya hapo anakubali pikipiki ipewe deiwaka, dereva wa kukushikia, hesabu iendelee, na kinachozidi kinaletwa kwako nyumbani.

Elia: Basi apewe Joni wa kijiwe chetu. Ana leseni na hanywi. Lakini mwambieni neno moja kutoka kwangu, asipakie mishikaki, abiria mmoja tu.

Jumamosi

Daudi: Kazi imeisha. Kabla ya kuwasha nilibadilisha oili ya injini, imelala upande muda mrefu. Nimeipeleka mpaka Veyula na kurudi, nikaachia mikono kidogo kwenye nyoofu, haivuti upande wowote. Risiti zote za spea nimempa mjomba za kuambatanisha kwenye madai. Joni anaichukua Jumatatu.

Mama Neema: Elia kasikiliza huo mlio kwenye video yako, kairudia mpaka bando limekata.

Upendo: Vidole vyake leo?

Mama Neema: Vya moto, vyekundu, anavichezesha.

Baba Mkubwa: Vizuri. Kliniki ni Alhamisi saa mbili asubuhi. Bajaji ya kumpeleka na kumrudisha nalipa mimi, Rehema utamsindikiza. Ile bahasha ya karatasi msiisahau mezani.