Nyimbo za kwenye flashi hazilingani sauti, msaada wakuu

kiti_cha_nyuma
Habari za jioni wakuu. Nina flashi ya GB 32 ya kwenye gari, humo kuna zilipendwa, taarab na singeli, kila kitu kimo. Taarab ikianza ni ganuni peke yake, naongeza volyumu hadi 25 nisikie zile nyuzi, sasa inayofuata ikiwa singeli ndo balaa, jana mwanangu alikuwa amelala nyuma akashtuka akalia mpaka tunafika nyumbani. Nilizipitisha kwenye Audacity, ile programu ya kuhariri sauti, nikanomolaizi zote vilele (pale sauti inapofika juu kabisa) vilingane, bado singeli iko juu tu. Nakosea wapi?

pwani_sauti
Mkuu umelinganisha vilele, sikio halisikii vilele linasikia wastani. Singeli studio wameibana tofauti ya sauti ndogo na kubwa, iko juu mwanzo mwisho, zilipendwa zinapanda na kushuka, kwa hiyo vilele vinaweza kulingana kabisa na bado moja ikakupasua masikio. Tafuta ReplayGain, njia ya kusawazisha sauti ya nyimbo, ipo tangu 2001, inapima jinsi mtu anavyosikia. Weka foobar2000 kwenye kompyuta, programu ya kupiga mziki, ya bure, chagua nyimbo zote uziskani kwa hiyo ReplayGain. Na acha kusevu mp3 upya kwenye Audacity, kila ukisevu faili inabanwa tena iwe ndogo na ubora unapungua. Kama zile za mwanzo bado unazo anza na hizo.

mtambo_mkongwe
Sawa kabisa ila hiyo ReplayGain inaandika tagi tu, yaani maelezo pembeni ndani ya faili, na redio nyingi za gari hazisomi hizo tagi, atarudi hapa kulia. Kwa gari chukua programu ya MP3Gain. Yenyewe inabadilisha kiwango cha sauti ndani ya faili bila kuibana upya, inaenda kwa hatua za desibeli 1.5, na ukijuta unarudisha ilivyokuwa. Iache kwenye desibeli 89. Watu wanapandisha 95 wapate mziki mkubwa, halafu vilele vinakatwa wanalaumu spika. Zikiwa chini kidogo ongeza volyumu ya redio, si ndo kazi yake. Halafu taarab ya albamu moja tumia gain ya albamu, yaani nyimbo zote zipande au zishuke kwa kiasi kimoja, usiende wimbo kwa wimbo, mahali waliposhuka walitaka washuke, hapo paheshimu.

kiti_cha_nyuma
Aisee nimefanya usiku huu, nikaenda garini kujaribu, volyumu 18 sijaigusa nyimbo kumi. Asanteni sana. Ila zile faili za aina ya m4a imezikataa.

mtambo_mkongwe
MP3Gain ni mp3 tu. Za m4a chukua AACGain, kazi ile ile.