Anayekata umeme ndiye anayehesabu umekatika mara ngapi. Hii haikubaliki

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kila mwaka shirika la umeme linatoa ripoti kwamba upatikanaji wa umeme umeimarika. Mdhibiti anaipokea, wafadhili wanaipokea, na sisi tulioshinda gizani na vyakula vikiharibika kwenye friji tunajiuliza hao wateja wanaoandikwa humo wanaishi wapi.

Nimekaa nikafuatilia hizo hesabu zinavyofanywa. Vipimo vikuu ni viwili, SAIDI na SAIFI: cha kwanza ni wastani wa muda ambao mteja alikaa bila umeme kwa mwaka, cha pili ni wastani wa mara ulizomkatikia. Sina ugomvi na vipimo vyenyewe. Ugomvi wangu ni mahali vinapopimiwa. Katika nchi nyingi zinazoendelea, kukatika kunarekodiwa kwenye kituo cha kupozea umeme, pale laini ya msongo wa kati inapozimika, na mara nyingi ni mtu anaandika kwenye daftari. Fyuzi ya transfoma ikiungua, waya wa mtaani ukidondoka au fezi moja ikipotea, kule kituoni hakuna kinachoonekana. Mtaa unaweza kulala giza siku tatu na daftari likasema laini ina umeme! Kama hakuna aliyepiga simu ya dharura, tukio hilo halipo kabisa. Na akipiga mtu, saa inaanza kuhesabiwa simu ilipopokelewa, si umeme ulipokatika. Sasa ninyi mliowahi kupiga hizo namba mnajua inachukua muda gani kupokelewa.

Tena ili upate wastani wa kweli lazima ujue kila transfoma inahudumia wateja wangapi. Mashirika mengi hayana orodha kamili ya jambo hilo, kwa hiyo yanakadiria, kisha makadirio yanachapishwa kama kipimo.

Na huo wastani nao unameza watu. Chukua shirika lenye wateja 1,000,000. Wateja 50 wa transfoma moja wakikosa umeme saa 20, SAIDI ya nchi nzima inapanda kwa sekunde 3.6. Hamsini hao wamepoteza siku ya kazi, mama mjamzito amehudumiwa kwa tochi, na kwenye ripoti hawafiki hata sekunde nne.

Kuna yasiyohesabiwa kabisa. Kwa kiwango cha IEEE 1366, cha chama cha wahandisi wa umeme, kinachotumika sana duniani, umeme ukikatika kwa dakika 5 au chini ya hapo hauingii kwenye SAIDI. Ukatike na kurudi mara kumi usiku mmoja, kompresa ya friji ife, ripoti iko safi. Umeme mdogo pia: mahali panapotakiwa volti 230 zikifika 160, taa inafifia kama kibatari na pampu haivuti, lakini kwa shirika wewe unao umeme.

Kinachonichoma zaidi ni mita za malipo ya kabla. Nyingi ni za mawasiliano ya upande mmoja: unaingiza tokeni ya tarakimu 20, mita inasoma, basi, yenyewe hairudishi taarifa yoyote. Salio likiisha inakata papo hapo. Umeme wenyewe ukipotea, haimwambii mtu. Fedha zilipatikana za kufunga mita nyumba kwa nyumba ili tusikope hata uniti moja, lakini kujua kama bidhaa tuliyolipia imetufikia kukakosa bajeti.

Na msiniambie haiwezekani. India, kikundi cha Prayas cha Pune kiliweka vinasa volti kwenye nyumba za watu, vikarekodi kila dakika, na data ikawekwa wazi kwa yeyote. Accra, watafiti waliotoka chuo kikuu cha Berkeley walianza mwaka 2018 kusambaza vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye soketi, vyenye betri na laini ya simu. Kifaa kimoja kikizima peke yake huenda mtu amekichomoa, vya jirani vikizima pamoja umeme umekatika. (Setilaiti za kupiga picha za taa za usiku zinasaidia kwa maeneo mapana, ila ile yenye kamera iitwayo VIIRS hupita yapata saa saba na nusu usiku, kwa hiyo giza la saa mbili jioni, wakati kila mtu anapika, linaweza kuipita.)

Wakubwa wa dunia nao wamo. Mwaka 2015 programu ya ESMAP ya Benki ya Dunia ilipanga huduma ya umeme kwa ngazi, ya juu kabisa ikidai angalau saa 23 kwa siku na kukatika kusikozidi mara 3 kwa wiki. Lakini kiashiria 7.1.1 cha malengo ya maendeleo endelevu bado kinauliza tu asilimia ya watu wenye umeme. Ukiunganishwa umehesabiwa, hata waya ukikaa mkavu wiki nzima.

Nataka mdhibiti apime mwenyewe, kwenye soketi za wateja, nyumba zichaguliwe kwa bahati nasibu na shirika lisijue ni zipi. Matokeo yatolewe kwa kila transfoma, kila mwezi, pamoja na volti. Fidia kwa mteja ifuate hesabu hiyo.

Mlio ndani ya mashirika haya, njooni mjibu hapa: transfoma ikizima na hakuna aliyepiga simu, mnaiandika wapi?